Kitufe Kilichoanguka Nje ya Kioo

Nilisikia ukucha kabla sijaona mkono. Tik, tik, tik, halafu kimya, halafu tik tena, kama kuku anayedonoa sufuria tupu akiwa na hakika kuna punje iliyobaki. Nilikuwa nimesimama uani kwetu, bondeni chini ya soko la Tulia, begi begani na mkate mkononi, na sauti ilitoka jikoni. Niliinama kupita chini ya kamba ya nguo, nikachungulia. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, simu imelala pajani, miwani imemshukia puani. Alikuwa akigonga ukingo wa chini wa kioo, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mwaitu," nikamwita, jinsi tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. "Unafanya nini?"

Hakuinua uso. "Naitafuta hiyo ingine."

"Ingine gani?"

"Mke wa mwalimu amesema ziko mbili. Yake iko na mbili, yangu iko na moja. Nimetafuta tangu nitoke kukamua."

Niliichukua simu. Katikati ya skrini palikuwa na kidirisha, kile kiboksi cheupe kinachochomoza juu ya kila kitu na kukataa kuondoka mpaka ujibu. Kiliandikwa kwamba bwawa la mchanga la kikundi lijengwe juu, kwenye mawe, badala ya chini, kivukoni. Chini ya maneno hayo palikuwa na kitufe kimoja cha kijani: Nakubali. Chini ya kitufe palikuwa na ukingo wa simu, basi. Kitufe cha pili, chekundu, kilichosema Sikubali, kilikuwapo. Nilijua kilikuwapo kwa sababu mimi ndiye niliyekiweka. Kilikuwa kimeanguka nje ya kioo, chini kidogo ya pale ambapo ukucha wa mama yangu ulikuwa ukigonga.

"Wengine wamejibu?" nikamwuliza.

"Karibu wote. Mimi ndiye nimebaki na ukaidi wangu."

"Na walibonyeza hii ya kijani?"

"Kwani kuna gani ingine? Walifikiria ni salamu. Kwanza unakubali kuulizwa, ndiyo uulizwe. Nani humwanza mtu na maneno makubwa bila kumsalimia?" Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya leso. "Na zamu ya maji iko nyuma ya hiyo kitu. Usipobonyeza, huoni siku yako. Mtu na mitungi yake atafanya nini?"

Nikieleza nilivyofika hapo nitaonekana najitetea, lakini nisipoeleza hakuna atakayeelewa.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Nina moja iliyochapishwa, iliyosomwa hasa na watu waliokuja kuizindua, na nyingine iliyokuwa imekwama katikati. Ili nile, nilikuwa nafanya kazi Malili, ghorofani juu ya duka la misumari na mabati, dirisha likitazama malori ya barabara ya Mombasa. Bosi wangu alikuwa kijana aliyenizidi miaka michache tu, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka milima ya kati wakahamia huku kwenye barabara kuu, na alitengeneza programu za simu. Aliniajiri kwa ajili ya maneno. "Mimi najenga nyumba," aliniambia siku ya kwanza, "wewe utaniwekea watu ndani." Baadaye, kazi zilipomlemea, alinifundisha kupanga hata vidirisha vyenyewe.

Kanuni ya kazi hiyo ni ndogo, mtu anaweza kuijua asubuhi moja. Simu hazilingani. Nyingine ni pana kama kiganja kilichokunjuliwa, nyingine ni nyembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kidirisha ukikipa kimo kimoja, kitakaa vizuri kwenye hii na kufurika kwenye ile. Kwa hiyo hukipi kimo chako, unakipa sehemu ya kimo cha skrini inayokipokea. Maneno yakizidi, unayaruhusu yasogezwe kwa kidole. Vitufe unavibandika chini, visitoke hapo hata maneno yakiwa mengi namna gani.

Niliijua kanuni hiyo. Lakini nilikuwa na sentensi moja, ile ya bwawa, na niliipenda. Nilitaka itulie katikati ya weupe, ipumue juu na chini, kama mshororo peke yake ukurasani. Nikakipa kidirisha kimo nilichokiona kizuri mimi. Kwenye simu yangu kilipendeza. Kwenye simu ya bosi, iliyokuwa kubwa zaidi, kilipendeza hata zaidi. Tukakijaribu kwenye zile simu za kuigiza za ndani ya kompyuta, zote zikiwa na herufi za kawaida. "Iko poa," akasema bosi, na mimi nikaamini.

Mwezi huo nilikwenda Mukuyuni, ambako waandishi wachache wa Makueni na Kitui tulikuwa tukikutana siku ya soko katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu vya shule. Wengine walisoma mashairi, mimi nikasoma kidirisha changu. Nilisema kwa moto mwingi kwamba sasa neno la fasihi litaingia mkononi mwa mama anayechota maji, kwamba ndiyo na hapana yake itakuwa na uzito ule ule wa ndiyo na hapana ya mheshimiwa. Walinipigia makofi. Kisha tukabishana karibu saa nzima kama ni bora kuandika Sikubali au Nakataa. Mmoja alisema Nakataa ina kiburi. Mwingine alisema Sikubali ina woga. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikujiuliza, kama kitufe hicho kitaonekana.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeileta mimi. Nyumbani kuna kikundi cha mwethya, cha kazi za pamoja, ambacho karibu wanachama wake wote ni akina mama wa kanisani kwetu. Mto wetu ni mchanga mtupu mwaka karibu wote, na ukijenga ukuta kukata mto, mchanga unajikusanya nyuma yake na kushika maji ndani. Mradi fulani ulikubali kutoa saruji na fundi, kikundi kitoe mawe na mikono. Kulikuwa na mahali pawili. Juu, kwenye mawe, karibu na soko na shamba la mwenyekiti, ambako lori lingefika kwa urahisi. Na chini, kivukoni, ambako lori lingehangaika lakini akina mama wa upande wetu wangechota maji bila kupanda ule mwinuko. Mama yangu ana magoti mabaya. Alikuwa amesomba mawe kwenda kivukoni tangu mavuno ya ndengu, yeye na jirani yake wakishika gunia moja, huyu pembe hii, yule pembe ile, na rundo lilikuwa limefika kifuani. Kama bwawa lingejengwa kivukoni, angezeeka akiwa na maji karibu. Kama lingejengwa juu, angepanda mwinuko ule kwa siku zote zilizobaki za maisha yake. Hilo ndilo lililokuwa likiulizwa.

Zamani kikundi kiliamua mambo kwa kuketi. Mwenyekiti anasema jambo, anayekubali anasimama, asiyekubali anabaki ameketi, na kazi haianzi mpaka wa mwisho asimame au jambo libadilishwe. Ilikuwa inaweza kuchukua siku mbili. Afisa wa mradi alichoka. Aliuliza kama hakuna njia ya simu, na mimi, niliyekuwa nimekuja nyumbani kwa mazishi na kusimama karibu, nikasema ipo.

Na lipo jambo moja zaidi, ambalo nililikumbuka nikiwa nimeshika simu ya mama jikoni. Krismasi iliyopita mama alilalamika kwamba Biblia ya simuni ina maandishi kama chawa. Nikaingia kwenye mipangilio nikazikuza herufi mpaka mwisho. Alifurahi mno. Siku ya pili baada ya ibada alinipeleka kwa wenzake, wakapanga foleni nje ya kanisa, wakicheka, kila mmoja na simu yake ndogo aliyoachiwa na mtoto aliyenunua mpya. Nilizikuza zote, moja baada ya nyingine. Mmoja wao alinibariki kwa mkono kichwani. Halafu nikarudi Malili nikawatengenezea kidirisha kisicho na nafasi ya herufi hizo.

Nilitoka nje nikampigia bosi simu.

"Kitufe cha kukataa hakionekani," nikamwambia. "Simu ikiwa ndogo na herufi zikiwa kubwa, kinatoka nje."

"Ni za watu wangapi?"

"Karibu akina mama wote."

Nilisikia lori likipiga breki chini ya dirisha letu kule Malili.

"Rekebisha, tuma. Sasa hivi."

"Na waliojibu?"

"Wameshajibu."

"Walijibu kitu ambacho hawakukiona. Tufute kura, waanze upya."

"Sikia, dada. Ukiwaambia watu wa mradi kura imeharibika, watauliza ni nani ameiharibu. Utawaambia nini? Kuna vikundi vingine huku Makueni vinangoja hii hii programu. Usituchomee." Kisha akalainisha sauti, na ulaini huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Ile miezi yako miwili ya kuandika, unaitaka ama huitaki?"

Alikuwa ameniahidi miezi miwili yenye mshahara nimalize riwaya.

Niliitaka.

Nilifungua kompyuta juu ya meza ya jikoni. Mama alinimiminia chai akasogeza kigoda aone. Nilibadilisha mistari mitatu. Kimo kikafuata skrini, maneno yakaruhusiwa kusogea, vitufe vikabandikwa chini. Nilipomaliza chai ilikuwa bado haijapoa.

"Hiyo tu?" akauliza.

"Hiyo tu."

"Nilifikiri ni kitu kigumu."

Nikampakulia programu upya. Kitufe chekundu kikaonekana, kimekaa chini ya skrini kama kilikuwa hapo siku zote. Alikitazama kwa muda, akakibonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, jinsi anavyobonyeza unga wa chapati aone kama umelainika. Akatabasamu.

"Sasa niwaite wenzangu waje wabonyeze yao."

"Waliojibu hawawezi kujibu tena, mwaitu."

"Nani amesema?"

"Programu hairuhusu. Jibu ni moja."

"Programu ni nani?"

Nilianza kumweleza, nikasikia sauti yangu ikijaa maneno ya Malili, nikaacha. Alinitazama juu ya miwani.

"Jumanne kuna mkutano wa kusoma kura," akasema. "Utasimama uwaambie. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nitasimama," nikasema, na wakati huo nilikuwa nadhani ni kweli.

Mkutano ulifanyika katika chumba cha shule ya Jumapili, kwenye viti vidogo vya watoto, akina mama wakiwa wamekunja magoti hadi kidevuni. Afisa wa mradi alisimama na karatasi yake. Alishukuru teknolojia. Alisema jambo lililokuwa likichukua siku mbili sasa limechukua wiki moja bila mtu kuacha kazi yake, na hakuna aliyecheka.

"Wanachama wote wamekubali bwawa lijengwe juu," akasoma, "isipokuwa mmoja."

Minong'ono ikapita kwenye viti kama upepo kwenye mahindi makavu. Kumbe kila mmoja alikuwa bado akingoja aulizwe swali lenyewe, baada ya ile salamu.

Jirani ya mama, yule wa gunia moja, aligeuka kitini. "Huyo mmoja si tunamjua," akasema. "Ni huyu wetu aliyezaa kompyuta."

Wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kanisani.

"Yako ilikuwa na mbili?" akamwuliza mama.

"Ilikuwa na moja, kama zenu. Halafu ikawa na mbili."

"Ikawa lini?"

"Jumamosi. Mtoto alipokuja."

"Aah. Kwa hivyo mtoto alikuja na yako tu kwa begi. Sisi tukaachwa na salamu." Alijipiga paja. "Tumeulizwa kama mbuzi anavyoulizwa njia ya kichinjio."

"Mtoto wangu yuko hapa," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Si mimi ninaweza kueleza. Yeye ataeleza."

Nikasimama. Niliona nyuso zote, na mikono iliyokuwa imebeba mawe, na afisa akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi, tayari kuandika nitakalosema. Kalamu hiyo ndiyo niliyoitazama.

"Programu ilifanya kazi jinsi ilivyopangwa," nikasema. "Ila baadhi ya simu ni za zamani, na ukubwa wa herufi zake haukulingana na kidirisha. Tumeshaboresha. Kura inayofuata haitakuwa na shida hiyo."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hiyo ndiyo kazi niliyojifunza kwa miaka yote ya kupenda maneno: kuyapanga yaliyo ya kweli mpaka yadanganye. Afisa alikuwa ameandika. Nilisoma kutoka mbali, maandishi yakiwa kichwa chini: simu za zamani.

"Kwa hivyo makosa ni ya simu zetu," akasema jirani.

"Ni mambo ya simu, ndiyo."

Alinyoosha yake juu, yenye mpira kiunoni wa kuzuia betri isianguke. "Hii ndiyo ile ile uliyoshika Krismasi. Ulikuza maandishi na hiyo mikono yako. Nilikubariki."

Sikumtazama mama. Nilisikia tu kiti chake kidogo kikilia alipohama uzito kutoka goti moja hadi jingine.

Mwenyekiti alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, nadhani hata yeye aliona aibu, lakini lori la saruji lilikuwa limeshaagizwa na shamba lake lilikuwa pale pale juu. "Basi," akasema, "tumshukuru Mungu kwa yote. Tusimame tufunge kwa maombi."

Wakasimama. Hakuna mtu wa kanisa letu anayekaa wakati wa maombi. Walisimama wote, mama yangu wa mwisho, akijishika kwenye bega la mtu aliyekuwa mbele yake, naye mtu huyo alijiondoa polepole mpaka mkono wa mama ukabaki hewani. Alipata ukuta, akajishikilia hapo. Afisa alitazama chumba kilichosimama, akaridhika.

Tulirudi nyumbani akiwa mbele. Kwa kawaida hutembea akisalimiana na kila ua. Siku hiyo alipita nyua zote kimya, na kwenye mmoja wao nilimwona mwanamke aliyekuwa akianika ndengu akiingia ndani alipotuona. Pale njia inapogawanyika kwenda kivukoni, rundo la mawe linaonekana wazi. Mama hakugeuza kichwa.

Nyumbani alitandika mkeka, akaketi, akanyoosha mguu wenye maumivu. Mimi nilikusanya vitu vyangu. Ilikuwa saa nane, jua kali, na nilikuwa na kisingizio cha kurudi Malili kabla ya jioni.

"Mwaitu, nitazungumza na bosi tena," nikasema. "Labda wanaweza kurudia."

"Ungeniambia tu nibonyeze ya kijani."

"Nini?"

"Jumamosi. Ungesema, mwaitu, imeharibika, bonyeza hiyo ya kijani kama wengine." Alikuwa akikanda goti kwa kidole gumba. "Ningebonyeza. Maji ningefuata huko juu na wenzangu. Mwinuko si kitu ukiwa na watu. Sasa nitapanda na nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilimpenda, kwamba kwa sababu hiyo nilianza na simu yake. Lakini lilikuwa neno jingine la kweli, na nilikuwa nimeshatumia mengi siku hiyo.

"Na ungesema tu," akaendelea. "Pale mbele. Ni mimi nilikosea. Hiyo ni maneno ngapi? Wewe ni mtu wa vitabu."

"Ningefukuzwa kazi."

"Ungekuja ukae hapa. Kuna chakula."

Nikainamisha kichwa, nikavuta zipu ya begi.

"Nimeenda, mwaitu."

"Haya."

Kwetu mgeni husindikizwa, hata akiwa ni mtoto wa nyumba. Miaka yote mama alinitoa mpaka barabarani, wakati wa mvua na wakati wa vumbi, tukisimama kila hatua kumi kwa jambo alilosahau kusema. Niliinuka nikamngoja. Aliinuka pia, akaja nami hadi kizingitini, akashika fremu. Nikashuka ile ngazi moja, nikafika kamba ya nguo, nikadhani anavaa viatu.

Sikuwa nimeufikia ua wa minyaa alipoufunga mlango.